Shikamoo ya Duka la Mapazia

Pikapu nyeupe ilikata kona, ikagonga pipa la taka, ikaendelea.

Nyuma yake, juu ya Yamaha, kifua kikiwa kimelala kwenye tangi la mafuta, alikuwepo mtu ambaye Idara ilimwita Msumari. Beretta ilimbana kiunoni. Vumbi lilimjaa mdomoni. Alilimeza, hakuwa na nafasi ya kutema.

"Msumari, hapa Mkuu," redio ilimkoromea sikioni. "Unamwona?"

"Naona gari tu. Nyuma kuna turubai."

"Mtu wetu yu hai?"

"Turubai linacheza."

"Basi yu hai. Mlete akiwa hivyo hivyo."

Walipita mtaa wa wauza vipuri, wakapita mtaa wa washona viatu, watu wakiruka huku na huku kama kuku. Dereva wa pikapu alikuwa hodari, lakini hakuwa mwenyeji. Mwenyeji yeyote angejua kwamba mtaa wa pili kushoto ulikuwa umechimbwa mtaro wa mabomba tangu juma lililopita.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Gurudumu la mbele lilitumbukia. Wanaume wawili waliruka nje, mmoja akafyatua risasi bila hata kulenga, kisha wote wakaparamia ukuta na kutoweka. Msumari angeweza kumpata mmoja wao. Aliwaacha, akaenda kwenye turubai.

Chini yake kulikuwa na mbeba mizigo wa bohari ya dawa. Mikono ilikuwa imefungwa kwa waya na jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe.

"Walikuuliza nini?" Msumari alimuuliza huku akikata waya.

"Hawakuniuliza kitu, kaka. Hilo ndilo linanitisha. Wangeniuliza, ningekana. Hawa walikuwa wanajua." Akatema damu. "Tena mmoja alikuwa ananizaba makofi huku anacheka. 'Shikamoo, Baba. Karibu tena, Baba.' Kila kofi na shikamoo yake. Mtu ananiua huku ananiamkia! Adabu gani hiyo?"

Msumari alimkalisha ukingoni mwa mtaro. 

Huyu alikuwa wa tatu. Wa kwanza alikuwa dereva wa lori, aliyeokotwa akiwa maiti kwenye machimbo ya kokoto. Wa pili alikuwa karani wa forodha. Yeye alikutwa amekufa ndani ya gari lake mwenyewe, injini ikiwa bado inanguruma. Wote watatu walikuwa wakiipasha Idara habari kwa siri, na wote watatu walipitia mlango mmoja.

Mlango huo ulikuwa duka la mapazia.

Si duka la matofali. Lilikuwa tovuti. Ukiifungua unaona mapazia ya kila rangi na bei zake. Lakini kama umejiandikisha, unaweka namba yako ya simu, unaweka neno lako la siri, na mapazia yanakaa kando. Unakuta kisanduku cheupe. Hapo unaandika ulichokiona bohari: lori lipi liliingia, lakiri ipi ilikatwa, maboksi gani yalibadilishwa. Kwa njia hiyo Idara ilikuwa ikiwanyemelea watu waliokuwa wakiingiza nchini vidonge vya chokaa ndani ya pakiti za dawa halisi. Mtoto anapewa dozi nzima na homa haishuki. Mama anadhani amekosea vipimo. Anaongeza chokaa.

Kiongozi wao alijulikana kwa jina la Daktari, ingawa hakuwahi kumtibu hata paka. Alikuwa mgeni kutoka nje ya nchi, na bohari ile ilikuwa yake. Kiswahili alikijulia ukubwani, kwa vitabu.

Msumari alimkabidhi majeruhi kwa gari la wagonjwa, akatoa Nokia yake ndogo, akapiga namba aliyoijua kwa moyo.

Iliita. Ikaita. Haikupokelewa.

Ilikuwa namba ya mama yake mdogo, mtunza stoo wa bohari hiyohiyo. Ndiye aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki, akamsomesha, akamchapa, akamfuta machozi. Na Msumari mwenyewe, kwa mikono yake miwili, ndiye aliyemwandikisha kwenye duka la mapazia.

Akapiga tena. Kimya.

Akaiwasha Yamaha.

*

Ofisi ya Idara ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Ilikuwa na meza nne, feni moja iliyokuwa ikilalamika, na birika ambalo hakuna aliyekubali kuwa zamu ya kulisugua ni yake. Mkuu alisimama dirishani. Alikuwa mtu mnene, mpenda methali, na siku hiyo alikuwa ameshachagua moja.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Nimempata msaliti."

"Nani?"

"Yule binti wa kurasa. Nimemfungia stoo ya karatasi. Jioni nawakabidhi wale jamaa wa chini wamhoji."

Msumari aliwajua wale jamaa wa chini, wahoji wa vyumba vya chini ya ardhi vya makao makuu. Mtu akishahojiwa nao, hata akionekana hana hatia, hatembei tena vizuri.

Binti aliyesemwa walimwita Kitufe, kwa sababu angeweza kubishana asubuhi nzima kuhusu kitufe kimoja, kiwe cha kijani au cha bluu, kiandikwe "Ingia" au "Karibu ndani". Kazi yake ilikuwa kurahisisha. Kabla yake, kujiandikisha duka la mapazia kulikuwa mtihani. Neno la siri lilitaka herufi kubwa, tarakimu, na alama ambayo watu wengi hawajui hata iko wapi kwenye simu. Halafu likafuata swali la usalama: taja mnyama wako wa kwanza wa kufuga. Mama mdogo alijaribu mara tatu, akampigia Msumari simu kwa hasira.

"Mimi sijafuga mnyama, nimefuga wewe! Hili ni duka au mtihani wa darasa la saba?"

Siku iliyofuata Msumari aliingia kikaoni akapiga meza mpaka vikombe vikaruka. Mlango gani huu, aliuliza, ambao mwizi haumzuii ila mtu mwema unamshinda? Ndipo akaletwa Kitufe. Maswali yakafutwa, ikabaki namba ya simu na neno la siri la kawaida. Wapasha habari wakaongezeka, wakawa wengi kuliko Idara ilivyowahi kuota.

Kisha wakaanza kufa.

"Nani mwingine anajua majina?" Msumari aliuliza.

"Majina yamefungwa, hayajaguswa. Nimekagua mwenyewe. Ndiyo maana nasema ni yeye."

"Nipe ufunguo wa stoo."

"Muda wa kubembelezana hatuna."

"Mkuu, mama yangu yuko ndani ya ile bohari na simu hapokei. Nipe ufunguo."

Mkuu akamtazama. Akautoa.

Kitufe alikuwa amekaa juu ya mabunda ya karatasi, kope zimevimba. Alipomwona Msumari alisimama kwa kiburi cha mtu aliyelia vya kutosha.

"Kama umekuja kunipiga, piga. Sikuuza mtu."

"Sijaja kupiga. Kuna maneno nataka kukuuliza. 'Shikamoo, Baba. Karibu tena.' Umewahi kuyasikia?"

Uso wa binti ukabadilika.

"Nimeyaandika mimi," alisema polepole. "Yako kwenye ukurasa wa kuingilia. Mtu akijiandikisha namuuliza aitwe nani, Mama, Baba, Dada, Kaka. Akirudi, ukurasa unamwamkia. Wazee walifurahi sana. Bibi mmoja aliandika kwamba hata wajukuu zake hawamwamkii hivyo. Kwa nini?"

 Msumari alimshika mkono, akamketisha mbele ya laptopu, akafungua duka la mapazia. Akaandika namba yoyote iliyomjia kichwani.

*Namba hii hatuijui. Je, ungependa kujiandikisha?*

Akafuta. Akaandika namba ya mama mdogo.

*Shikamoo, Mama. Karibu tena. Weka neno lako la siri.*

Feni ililalamika. 

"Mungu wangu," Kitufe alinong'ona.

Hata wewe msomaji umeshaona. Hakukuwa na msaliti. Duka lilikuwa likiwaamkia watu kabla ya kuhakikisha ni wao. Nyumbani mtu akipiga hodi, hata mtoto mdogo anajua kuuliza "Nani?" kabla ya kuitikia karibu. Ukurasa wa Kitufe uliitikia kwanza. Daktari hakuhitaji neno la siri la mtu yeyote. Alihitaji namba za simu za wafanyakazi wake na za makarani wa forodha wanaopitisha mizigo yake, na hizo anazo. Anaandika moja moja. Ukurasa ukisema hatuijui, huyo si mpasha habari. Ukisema shikamoo, huyo ni maiti.

"Lakini wamejuaje kama duka ni letu?" Mkuu aliuliza kutoka mlangoni. Sauti ilikuwa imempungua.

"Dereva alikuwa analala ndani ya lori," Msumari alisema. "Hana hata dirisha la kutundikia pazia. Mtu akimwona kila siku anaangalia mapazia atajiuliza."

Kitufe alikuwa ameshaanza kubofya. Kumbukumbu za duka zikafunguka, mstari juu ya mstari.

"Wanajaribu sasa hivi," alisema. "Namba moja baada ya nyingine, kutoka sehemu moja. Hatuijui. Hatuijui. Hatuijui..." Kidole kikasimama.

"Sema."

"Ya mama yako. Wamejaribu punde tu. Imeamkiwa."

 Msumari alishawahi kushikiwa bastola shingoni asitetereke. Sasa aliogopa. Aliogopa kama alivyoogopa utotoni siku ya msiba, aliposimama katikati ya watu wazima wote na hakuna aliyemwangalia isipokuwa mama mdogo.

"Funga duka!" Mkuu alifoka. "Zima kila kitu!"

"Ukizima watajua tumeshtuka, na mama yangu ndiye aliye mkononi mwao," Msumari alisema. "Bado wanaendelea kujaribu?"

"Bado."

"Basi Daktari anataka awapate wote kwanza. Kitufe, unaweza kuufanya ukurasa umwamkie kila mtu?"

"Kila mtu yupi?"

"Kila namba. Iwe imeandikishwa, isiwe imeandikishwa. Shikamoo kwa wote."

Binti akamwangalia, akaelewa. Kisha akasita.

"Sijui nani ni nani. Nitamwita kila mmoja Baba au Mama tu. Kijana wa miaka ishirini akiamkiwa 'Shikamoo, Baba', mtoto wa hapa hapa atajua kuna mchezo."

"Mtoto wa hapa atajua. Anayebofya si wa hapa."

"Na wakiamua kuwaua wote?"

Msumari aliinuka. Alivaa koti, akahakikisha kinasa sauti kidogo kiko mahali pake kwenye ukosi.

"Fanya," alisema. "Mimi nakwenda. Mkuu, wewe chukua watu mje langoni."

*

Bohari ilikuwa jengo refu la mabati lenye ukuta mrefu na walinzi langoni. Msumari alipita nyuma, kwa paa la gereji jirani. Alitambaa juu ya bati lililokuwa likiunguza viganja, akafika kwenye bati moja la plastiki la kupitishia mwanga, akalikata taratibu kwa kisu.

Chini, wafanyakazi walikuwa wameketi sakafuni kati ya maboksi yaliyopangwa hadi karibu na dari. Simu zao zilikuwa zimerundikwa kwenye ndoo. Mama mdogo aliwekwa peke yake kwenye kiti, mikono mapajani, kilemba kimekaa sawasawa.

Alikuwa hai.

Daktari alisimama mbele ya laptopu iliyowekwa juu ya mzani. Suti ya kijivu, Glock mkononi. Kando yake alikuwepo nyapara wa bohari, pande la mtu, na vijana watatu wenye bunduki.

"Inayofuata," Daktari alisema.

Nyapara alisoma namba kutoka kwenye simu yake. Daktari akabofya.

"'Shikamoo, Baba. Karibu tena.'" Akainua macho. "Nani huyu?"

Mfagiaji alisimama akitetemeka. Alikuwa kijana mbichi, ndevu hazijaota. Wafanyakazi wakatazamana. Shikamoo, Baba, kwa mtoto huyu?

Mama mdogo aliinua kichwa. Kutoka juu, Msumari aliona mabega yake yakishuka kidogo, kama ya mtu aliyetua mzigo. Mama mdogo ameelewa. Amejua kuna mtu.

"Msumari," sauti ya Kitufe ilimjia sikioni, nyembamba. "Imeshaanza kufanya kazi?"

Aligonga kinasa sauti mara moja kwa kucha. Ndiyo.

"Inayofuata!"

Shikamoo, Mama. Inayofuata. Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama. Shikamoo. Shikamoo. Jasho lilianza kumtoka Daktari kwenye paji la uso. Waliosimamishwa walikuwa wengi kuliko waliokaa.

"Bosi," nyapara alisema, "hapa pana kitu. Hakuna anayemwamkia mtoto wa..."

"Mashine haina ndugu," Daktari alimkatiza. "Haiogopi, haipendelei. Wewe ndiye uliyeajiri hawa watu wote. Namba yako!"

"Yangu mimi?"

"Namba!"

Nyapara akaitaja. Daktari akabofya, akasoma. Kisha taratibu akageuza Glock hadi ikamwelekea nyapara kifuani.

"'Shikamoo, Mama,'" alisema.

Mfanyakazi mmoja nyuma alishindwa kujizuia, akacheka puani. Nyapara, na ukubwa wake wote, akasimama pale mdomo wazi.

"Bosi, mimi Mama wa nani? Hebu fikiri! Kimechezewa hicho kitu!"

"Wote husema hivyo."

Mmoja wa wale vijana wa bunduki akapiga hatua mbele. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Na yako je, bosi?" aliuliza. "Tuone na yako."

"Rudi nyuma."

"Ya nyapara umesoma. Soma na yako!"

Kijana hakungoja. Alijua namba ya bosi wake, akaibofya kwa kidole kimoja, bunduki ikiwa bado imemning'inia begani. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mwanafunzi mbele ya darasa.

"'Shi-ka-moo, Baba. Karibu tena.'"

Bunduki tatu zikainuka. Moja ilimwelekea Daktari. Moja ilimwelekea nyapara. Ya tatu haikujua ielekee wapi.

Msumari aliachia bomu la moshi.

Kufumba na kufumbua bohari ikawa ukungu. Risasi zikalia, mtu akapiga yowe. "Laleni chini! Wote chini!" Ilikuwa sauti ya mama mdogo, ileile iliyokuwa ikimwita atoke mvuani. Msumari aliteleza kwa kamba, akatua juu ya boksi, akaruka sakafuni. Kitako cha Beretta kilimkuta kijana wa kwanza kisogoni. Wa pili na wa tatu walishatupa bunduki, wameinua mikono juu, wanakohoa. Nyapara alikuwa chini ameshika paja linalovuja damu, akimtukana Daktari kwa matusi ambayo hayaandikiki.

"Mkuu! Lango!"

"Tumeshalivunja!"

Land Cruiser mbili zilikuwa zikinguruma uani.

Moshi ulipopungua, Daktari alikuwa nyuma ya kiti. Mkono mmoja ulimkaba mama mdogo shingoni.

"Silaha chini," alisema. "Au mama huyu..."

Mama mdogo aliukunja mwili wote kwa ghafla, akajiachia uzito kuelekea sakafuni. Mkono wa Daktari haukuweza kumshikilia. Bega lake likabaki wazi.

Msumari alifyatua mara moja.

Glock ikaanguka. Daktari akafuata.

*

Waliwafunga pingu, wakayapasua maboksi. Vidonge vya chokaa vilimwagika vyeupe sakafuni, rundo juu ya rundo. Hakuna kidonge cha shehena hii kilichokuwa kimetoka. Wafanyakazi walikuwa wakichukua simu zao kwenye ndoo, wakicheka na kulia kwa pamoja.

Msumari alimkuta mama yake mdogo ameketi kwenye ngazi ya nje, anafunga upya kilemba. Alama za vidole zilikuwa zimebaki shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alimshika shavu, akaliachia. "Nani alinitaja?"

"Hakuna aliyekutaja."

"Sema kweli. Kuna mtu kanitaja."

Akamweleza. Hakuficha kitu: ukurasa, salamu, namba. Mama mdogo alisikiliza bila kumkatiza.

"Na dereva wa lori?" aliuliza mwishoni. "Yule aliyekuwa ananiita shemeji kwa utani. Naye ndiyo hivyohivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na karani?"

Msumari alikubali kwa kichwa. Hakuweza kumwangalia.

Mama mdogo alitazama uani. "Mke wa dereva anadhani ni yule mbeba mizigo aliyemuuza mumewe," alisema. "Kamlaani mbele ya watu. Hata salamu hawapeani. Nitamwambiaje sasa? Kwamba hakuna wa kumchukia?"

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya kilemba kwa ukali, kana kwamba yamemkosea. Msumari aliketi kando yake. 

Redio ikakoroma.

"Kazi safi, Msumari," Mkuu alisema. "Sasa wakubwa wanataka taarifa. Watu wawili wamekufa, lazima pawe na mtu. Nimerudi ofisini, nimeandika jina la yule binti na kumfungia tena stoo. Jamaa wa chini wako njiani kumchukua."

"Mfungulie mlango aende kwao."

"Nimekwambia lazima pawe na mtu! Mlango ule haukujifungua wenyewe. Kuna aliyetaka uwe rahisi."

"Yupo. Alipiga meza kikaoni mpaka chai ikamwagikia karatasi zako. Andika jina lake."



"Unajua maana ya hilo unalosema?" Mkuu aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Najua. Na mwambie binti kesho aje kazini mapema. Mlango ubaki rahisi, lakini mtu aamkiwe akishaingia."

Akazima redio, akaichomoa sikioni, akaitia mfukoni. Kisha akasimama, akapangusa chokaa kwenye suruali, akampa mama mdogo mkono.

"Twende," alisema. "Tuanzie kwa mke wa dereva."